Kutoka Nyika ya Juu Hadi Msituni kwa Baiskeli ya Milimani: Mwongozo Kamili wa Mzunguko wa Siku Moja Uingereza

Maswali ninayoletewa kuhusu mizunguko hii yanafanana mno. Mtu amepanda vizuri, amevuka nyika ya juu kwa taabu kidogo, kisha ameanguka mita chache tu baada ya kuingia msituni. Anauliza kama tatizo ni tairi. Mara nyingi si tairi. Ameingia kwenye mizizi iliyolowa na giza la miti akiwa na mikono iliyoganda, kiti kikiwa juu, tope la nyikani limejaa kwenye meno ya tairi, na macho yake bado yanatazama kama yuko mahali pa wazi.

Nyika na msitu vinataka uendeshaji tofauti, na mpaka kati yao kwa kawaida ni geti. Mwongozo huu umejengwa juu ya geti hilo: mambo ya kufanya kabla hujalifikia, ukiwa hapo, na baada ya kulivuka.

Ninaposema nyika ya juu namaanisha vilima vya wazi visivyo na miti, vyenye nyasi ndefu, udongo mweusi wa mboji ulioshiba maji, na hedha, kile kichaka kifupi kigumu chenye maua ya zambarau. Dartmoor, Exmoor, North York Moors na sehemu kubwa ya Peak District ziko hivyo. Mfano wangu utakuwa Exmoor: kilele cha Dunkery Beacon, mita 519, na msitu wa mialoni wa Horner ulio chini yake. Kutoka kileleni hadi kijiji cha Horner unashuka zaidi ya mita 400, kwanza peupe, kisha chini ya miti.

## Vitu vya kuwa navyo

- Baiskeli ya milimani yenye breki za diski na shokapu za mbele. Shokapu ya nyuma inasaidia ila si lazima.
- Tairi za upana wa inchi 2.3 hadi 2.5 zenye meno marefu, hasa ya mbele. Tyubulesi (tairi zisizo na tyubu ndani) ni bora, kwa sababu vilima hivi vina vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, na dawa iliyo ndani ya tairi huziba tundu la mwiba kabla hujalitambua.
- Pampu, kipimo cha upepo, tyubu moja ya akiba (hata kama unatumia tyubulesi), viraka, vijiti vya kutolea tairi, alenki, kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo cha kuuunganishia.
- Jozi moja ya pedi mpya za breki.
- Helmeti, glavu za vidole vizima, na miwani yenye vioo vyeupe. Miwani ya jua itakuponza msituni.
- Koti la mvua, fulana nzito ya ziada, na glavu za pili zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki zikae kavu.
- Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), aina ya Explorer, kipimio 1:25,000. Ya Exmoor ni namba OL9, ya Dartmoor ni OL28. Dira pia.
- Simu yenye chaji, filimbi, taa ya kichwa, blanketi la dharura, bandeji, na kibano chembamba cha kutolea kupe.
- Maji lita 2 na chakula cha kula kila saa.

Watu huniambia glavu za pili na pedi za akiba ni mzigo bure. Kwenye orodha yote, hivyo viwili ndivyo nisingeviacha nyumbani.

## Hatua ya 1: Hakikisha njia unayoitaka inaruhusu baiskeli

Uingereza na Wales, kuiona njia ardhini hakukupi ruhusa ya kuipita kwa baiskeli. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyowapa waendesha baiskeli haki ya kutumia njia za farasi, kwa sharti kwamba wawapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu hazimo katika haki hiyo. Wala usichanganye na zile nyika ambazo watu hutembea popote wapendapo: ruhusa hiyo, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2000, ni ya miguu tu. Uskoti hali ni nyingine. Sheria ya mwaka 2003 inaruhusu baiskeli karibu kila mahali mradi mtu aendeshe kwa uwajibikaji.

Kwenye ramani ya Explorer, njia ya farasi imechorwa kwa vistari virefu vya kijani, na njia ya miguu kwa vistari vifupi vya kijani. Kwa macho ya haraka vinafanana, kwa hiyo isome ramani mezani, palipo na mwanga, si kileleni mvua ikinyesha. Ukiwa njiani, mshale wa buluu kwenye nguzo au geti ni njia ya farasi. Mshale wa njano ni njia ya miguu.

Kisha chagua upande wa kuzungukia. Panda kwa barabara ngumu au njia pana yenye mteremko wa taratibu, shuka kupitia msitu. Ukigeuza, utasukuma baiskeli juu ya mizizi saa nzima na kushuka kwenye lami. Angalia kontua, ile mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja: kwenye ramani hii sentimita 4 ni kilomita 1, na kontua zikibanana pale njia inapoingia msituni, hapo ndipo mahali pagumu pa siku yako. Patie alama. Tia alama pia mahali pawili ambapo unaweza kukatisha safari na kushuka barabarani.

Onyo: Sehemu ya kaskazini ya Dartmoor ina viwanja vya jeshi vya kulengea shabaha. Ratiba za mazoezi hutangazwa mapema. Bendera nyekundu ikipepea mchana, au taa nyekundu ikiwaka usiku, usivuke mpaka wa kiwanja hata kama hausikii mlio wowote.

Umefaulu ukiweza kuueleza mzunguko wote kwa mdomo bila kuitazama ramani: wapi unageuka, geti la msitu liko wapi, na njia ya kutorokea ni ipi.

## Hatua ya 2: Panga saa kurudi nyuma kutoka machweo

Usikadirie mwendo kwa kasi yako ya barabarani. Nyikani, kilomita 8 kwa saa ni mwendo mzuri, na palipolowa ni pungufu ya hapo. Mzunguko wa kilomita 25 ni saa nne pamoja na kusimama.

Mwezi Desemba, kusini mwa Uingereza, jua huzama karibu na saa kumi jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Kwa hiyo weka saa ya mwisho ya kufika getini. Kwa Desemba mimi huiweka saa nane mchana. Ikipita na hujafika, unatumia ile njia ya kutorokea. Amua hivyo asubuhi, kabla uchovu haujaanza kukuamulia.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana yake kilele cha Dunkery kina baridi kuliko pwani kwa nyuzi 3 hivi. Hiyo si nyingi. Kinachoumiza ni upepo, kwa sababu huko juu hakuna mti wa kuukinga na wewe umelowa jasho la kupanda. Utabiri ukisema upepo mkali pamoja na mvua, badili siku.

## Hatua ya 3: Andaa baiskeli usiku wa kuamkia safari

Upepo wa tairi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na wote hukosea upande mmoja: wanajaza mno. Tairi iliyojaa sana huruka juu ya mzizi na kutua kando yake. Iliyojazwa kiasi hujikunja, ikaukumbatia mzizi na kuupita. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tyubulesi ya inchi 2.4, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Kama ndani kuna tyubu, ongeza psi 4 au 5, la sivyo tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kupata matundu mawili yaliyo sambamba. Mtu mzito aongeze, mwepesi apunguze. Tumia kipimo, si kidole gumba.

Shokapu. Vaa mkoba wako uliojaa, panda, simama juu ya pedali kama unayeshuka mlima, kisha shuka polepole na uangalie shokapu za mbele zimezama kiasi gani. Unataka asilimia 20 hadi 25 ya urefu wake wa kucheza. Shokapu ya milimita 140 izame milimita 28 hadi 35. Ya nyuma, asilimia 25 hadi 30.

Breki. Bana kila mkono wa breki kwa nguvu. Ukifika kwenye usukani, breki ina hewa ndani na haifai kwa safari hii. Tazama pedi kwa taa: zikibaki chini ya milimita 1 za kusagika, badilisha. Maji ya nyikani yamejaa chembe za mchanga, nazo husaga pedi haraka kuliko unavyodhani. Siku moja ya mvua inaweza kumaliza pedi ambazo kwenye njia kavu zingedumu miezi. Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa: shika kasi kwenye barabara tupu, punguza kwa nguvu bila kufunga gurudumu, rudia mara kama ishirini.

Hakikisha pia unajua mkono upi ni wa breki ya mbele. Kwa baiskeli za Uingereza ni wa kulia. Iliyonunuliwa Ufaransa au Ujerumani kwa kawaida imegeuzwa, na kwenye mteremko vidole havisubiri kichwa kikumbuke.

Umefaulu ukiinua baiskeli sentimita kumi na kuiachia: inatua kwa mlio mmoja mzito, bila kitu kugongagonga.

## Hatua ya 4: Panda ukibakiza nguvu

Ingia gia nyepesi kabla mlima haujawa mkali. Ukisubiri uwe katikati, mnyororo umekazika na unaweza kukatika.

Kaa kwenye ncha ya kiti, shusha kifua, viwiko vielekee chini. Gurudumu la mbele likinyanyuka, sogea mbele. La nyuma likiteleza kwenye changarawe, rudi nyuma kidogo. Zungusha pedali kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kukanyaga kwa pupa ndiko kunakolizungusha gurudumu bure. Panapokushinda, shuka usukume. Hakuna aibu, na miguu utaihitaji baadaye kusimama juu ya pedali.

Umefaulu ukifika juu na bado unaweza kusema sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Vaa koti mara moja, kabla hujahisi baridi.

## Hatua ya 5: Vuka nyika kwa kusoma rangi ya ardhi

Nyika inakueleza pa kupita kwa rangi ya mimea yake. Ukiijua lugha hiyo, nusu ya kukwama kunaisha.

*Hedha, kahawia au zambarau.* Chini yake kwa kawaida pamekauka kiasi. Njia inayopita katikati ya hedha mara nyingi ni ngumu, yenye mawe.

*Nyasi za manjano zilizofungamana mafungu mafungu.* Pana unyevu. Utapita, ila kwa gia nyepesi na kwa taabu.

*Vishada vyeupe kama pamba juu ya mabua membamba.* Chini yake kuna mboji yenye kina na maji. Shuka, jaribu kwa mguu.

*Kijani kibichi kinachong'aa, laini kama zulia.* Hiyo ni mimea midogo laini (moss) iliyotanda juu ya maji. Usiingize gurudumu wala mguu. Watembezi na mifugo wamezama hadi kiunoni mahali pa aina hii.

*Mboji nyeusi tupu.* Ikikauka ni tamu kuendeshea. Ikilowa inameza gurudumu la mbele hadi kitovuni na kukurusha juu ya usukani.

Unapolazimika kupita tope, chagua gia ya kati kabla ya kuingia, pata kasi kidogo, rudisha uzito nyuma ili gurudumu la mbele liwe jepesi, kisha endelea kuzungusha bila kugeuza usukani. Ukiona gurudumu la mbele linazama, toa mguu mapema.

Pita katikati ya dimbwi la njiani kama chini yake pana mawe, usilizunguke. Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Kila anayezunguka anaipanua njia hatua moja, na mboji hujengeka kwa takriban milimita 1 tu kwa mwaka. Kidonda cha nusu mita ni karne tano za ardhi. Kama njia nzima imekuwa uji, siku hiyo si ya baiskeli, rudi kwa njia ya mawe. Na kuanzia Machi hadi Julai ndege wa nyikani, kama vile kware wa hedha, hutaga chini kabisa ardhini, hatua chache tu kutoka njiani. Baki kwenye mstari.

Utakutana pia na mifereji ya mawe iliyokatiza njia ili kutoa maji. Ivuke kwa pembe ya mraba, huku ukinyanyua gurudumu la mbele kidogo. Ukiivuka kwa mshazari, ukingo wa jiwe utakuvuta mfereji unakoelekea.

Onyo la ukungu: Ukungu wa vilima hivi hushuka kwa dakika. Ukiuona unakuja, simama wakati bado unaona, tambua mahali ulipo kwenye ramani, na upime uelekeo wa geti kwa dira. Baada ya hapo simama kwenye kila njia panda. Simu hufa kwa baridi, dira haifi.

Umefaulu ukifika ukingo wa msitu viatu vikiwa vimelowa lakini magoti makavu.

## Hatua ya 6: Simama getini

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote wanaoniandikia. Dakika kumi zinatosha. Egemeza baiskeli, funga geti kama lilikuwa limefungwa, kisha fanya haya kwa utaratibu:

1. Kula na unywe. Mteremko hauhitaji mapafu, ila unahitaji akili iliyo macho.
2. Vua glavu zilizolowa, pasha vidole kwapani, vaa zile kavu. Kidole kilichoganda hakijui tofauti kati ya kubana kidogo na kubana sana.
3. Tazama tairi. Mboji huwa imeshindilia katikati ya meno mpaka tairi inaonekana kama bomba laini. Itoe kwa kijiti, hasa kwenye meno ya pembeni, kwa kuwa ndiyo yanayoshika kwenye kona. Ya mbele kwanza.
4. Shusha kiti hadi chini. Kiti kilichobaki juu hukusukuma mbele kila gurudumu la nyuma linapopanda kitu.
5. Bana breki, sikiliza. Mlio wa chuma kwa chuma maana yake pedi zimekwisha. Badilisha hapo hapo.
6. Kama huko juu ulivaa miwani ya jua, ivue, utazame ndani ya msitu kwa dakika moja au mbili. Macho yanahitaji muda kuzoea kivuli. Usipoyapa muda huo, mita mia za kwanza utaendesha nusu kipofu, na ndizo mita wanazoangukia.

Mkiwa kundi, mwachiane nafasi ya sekunde 20. Aliyechoka zaidi asiwe wa mwisho, maana akianguka hakuna wa kumwona.

## Hatua ya 7: Shuka msituni

Mkao. Simama, pedali zote mbili kwenye kimo kimoja, visigino vimeshuka, magoti na viwiko vimekunjwa na kufunguka nje. Uzito wako wote uwe miguuni. Jaribio lake ni jepesi: legeza vidole kwenye usukani kwa nukta moja. Kama unahisi kuanguka mbele, mikono imebeba uzito usiokuwa wake. Kukaa nyuma kupita kiasi ni kosa vilevile, kwani gurudumu la mbele likikosa uzito haligeuki.

Macho. Tazama sekunde mbili au tatu mbele, si mbele ya gurudumu. Baiskeli huenda unakotazama. Ukiukazia macho mti, utaufuata. Tafuta nafasi kati ya miti, na uitazame hiyo.

Breki. Kidole kimoja kwa kila mkono, vingine vinashika usukani. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu nyingi, na wanaoiogopa wanaishia kuteleza kwa gurudumu la nyuma huku wakichimba njia. Itumie, ila kwa kubana taratibu, na mahali panapostahili. Siri ya msitu ni hii: breki hubanwa *kabla*. Kabla ya mizizi, kabla ya kona, kabla ya jiwe lililolowa. Tafuta kipande cha udongo au changarawe, punguza kasi hapo, kisha achia na upite mahali panapoteleza magurudumu yakiwa yanazunguka huru. Gurudumu linalozunguka hushika, lililofungwa huteleza.

Mizizi. Tuipe muda, kwa maana ndiyo inayoangusha wengi. Mzizi wa mwaloni uliomenyeka gome na kulowa hauna mshiko kabisa. Ukiukuta umekatiza njia, uvuke kwa pembe ya mraba. Baiskeli iwe wima, usukani umenyooka, vidole vimeachia breki, miguu na mikono imelegea ili baiskeli ipande na kushuka chini yako. Mzizi mmoja mkubwa: punguza uzito wa usukani kidogo gurudumu la mbele linapoufikia.

Ukiukuta mzizi umelala mshazari, jambo ambalo hutokea sana kwenye ubavu wa kilima, una njia mbili. Ya kwanza ni kubadili uelekeo mita chache kabla ili uukute kwa mraba, kisha ugeuke baada yake. Ya pili ni kuupita pale palipo na udongo juu yake. Usijaribu kugeuka ukiwa juu yake. Na ikiwa gurudumu la nyuma litateleza, acha liteleze! Kiwiliwili kikibaki juu ya miguu, litashika tena baada ya nusu mita. Kinachoangusha ni kubana breki kwa mshtuko.

Kona. Ingia kutoka upande wa nje, laza baiskeli chini yako huku mwili ukibaki wima zaidi kuliko baiskeli, kanyaga pedali ya nje, na ugeuze kidevu kuelekea pa kutokea. Majani yaliyoanguka hufunika mawe na mizizi, kwa hiyo wakati wa vuli chukulia kila rundo la majani kuwa linateleza hadi ujue vinginevyo.

Kupumzisha mikono. Mteremko wa mita 400 ni mrefu. Vidole vikianza kuuma au kutetemeka, simama. Kubana kidogo mfululizo bila kuachia huchemsha breki hadi zikapungua nguvu. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, bana tena.

Pa kutembea. Kabla ya sehemu iliyobanana kontua uliyoitia alama, shuka, tembea hadi chini, uichague njia kwa macho. Usipoona pa kusimamia mwishoni, iteremshe baiskeli kwa mkono.

Umefaulu ukisikia sauti ya meno ya tairi yakipiga ardhi muda wote, bila ule mkwaruzo mrefu wa gurudumu lililofungwa.

## Hatua ya 8: Unapokutana na wengine

Wapishe watu na farasi kila mara, ni sheria. Kwa farasi, simama mbali na useme kwa sauti ya kawaida, "Habari, nipo nyuma yenu," kwa Kiingereza. Farasi akisikia sauti ya mtu hutulia, akisikia mnyororo tu hushtuka. Subiri mpandaji akuruhusu, kisha pita polepole, mbali naye. Ng'ombe wenye ndama, shuka uwazunguke kwa nafasi kubwa. Kondoo wanapenda kulala katikati ya njia na hukimbia upande usioutarajia.

## Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Mtu akiumia, mvalishe nguo zote kavu na umtandikie kitu chini, kwa kuwa ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Piga 999 au 112, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Wape namba za gridi (zinazosomwa kwenye mistari ya miraba ya ramani) za mahali ulipo. Kabla ya safari, tuma neno "register" kwa ujumbe mfupi kwenda 999 na ufuate maelekezo. Baada ya kusajiliwa unaweza kuomba msaada kwa ujumbe mahali ambapo mtandao hautoshi kupiga. Bila mtandao kabisa, piga filimbi mara sita ndani ya dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni milio mitatu. Ukiisikia usiache kupuliza, ili wakufikie.

## Hatua ya 10: Ukifika chini

Osha baiskeli kwa maji ya kawaida, si ya mgandamizo mkubwa, kwa sababu hayo hupenya kwenye bearingi na kufukuza grisi. Futa mnyororo, ukaushe, utie oili. Toa pedi za breki uzitazame kabla ya kuiweka baiskeli stoo.

Kisha jikague mwenyewe, usichelewe. Kupe wa vilima hivi hukaa kwenye majani marefu na hedha, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Angalia nyuma ya magoti, kwenye kinena, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute juu moja kwa moja bila kumzungusha wala kumminya, kisha safisha mahali hapo kwa dawa. Andika tarehe. Kipele chekundu kinachotanuka kikitokea katika wiki zinazofuata, au homa na uchovu usioeleweka, nenda kwa daktari ukamwambie wazi kwamba uliumwa na kupe.